Mamalia wanaotaga mayai: Kwa nini bado wapo, na wanatuambia nini kuhusu maziwa ya mama?

Darasani jibu lilikuwa fupi. Mamalia ni mnyama mwenye manyoya na damu ya joto, anayezaa watoto na kuwanyonyesha. Jibu hilo linamfaa ng'ombe, linamfaa popo, linamfaa nyangumi na linamfaa binadamu.

Lakini ukifika Australia, linakwama.

Huko kuna mnyama mwenye manyoya mazito, mdomo kama wa bata na mkia bapa. Anaishi kando ya mito na anachimba shimo ukingoni. Humo ndani anataga mayai, anayaatamia hadi yaanguliwe, kisha watoto wananyonya maziwa yake kwa miezi mitatu hadi minne.

Huyo ni platipasi, ambaye kwa Kiswahili huitwa pia kinyamadege. Na hayuko peke yake. Kuna jamaa zake wenye miiba wanaoitwa ekidna, na kuna majirani zake kama kangaruu na koala, ambao huzaa mtoto akiwa bado hajakamilika na kummalizia kumlea mfukoni.

Kwa muda mrefu wanyama hawa walichukuliwa kama mamalia "waliobaki nyuma". Sayansi ya leo inasema tofauti.

Miaka 85 ya ubishi kuhusu yai moja

Ngozi ya platipasi ilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, wengi walidhani ni utani. Mwaka 1799, mtaalamu wa wanyama George Shaw wa jumba la makumbusho la British Museum alimwelezea kisayansi kwa mara ya kwanza, huku akikiri kwamba ilikuwa vigumu kutoshuku kuwa kuna mtu aliyemshonea mnyama mdomo wa bata.

Baada ya kukubalika kwamba ni mnyama wa kweli, likaja swali gumu zaidi: anazaa au anataga?

Wenyeji wa asili wa Australia walikuwa na jibu tayari. Walikuwa wakiishi naye kwa maelfu ya miaka, na waliwaambia wageni kuwa anataga mayai. Wasomi wa Ulaya hawakuridhika. Walitaka kuona kwa macho yao, na wengine waliona haiwezekani mnyama anyonyeshe na wakati huohuo atage.

Ubishi ulikwisha mwaka 1884. Mwanasayansi kijana kutoka Uingereza, William Hay Caldwell, alipiga kambi kando ya mto Burnett huko Queensland, akisaidiwa na wenyeji wa asili waliojua wapi pa kuwatafuta wanyama hao. Wanyama wengi waliuawa katika msako huo. Hatimaye akapata platipasi jike aliyekuwa ametaga yai moja, na la pili lilikuwa njiani kutoka.

Caldwell alituma simu ya maandishi iliyosomwa kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Montreal, Canada. Ujumbe ulikuwa wa maneno machache tu: wanyama hawa wanataga. Cha kushangaza, mwezi huohuo wa Septemba, huko Adelaide, mtafiti mwingine aitwaye Wilhelm Haacke alionyesha yai aliloliona kwenye mfuko wa ekidna.

Yaani wenyeji walikuwa sahihi muda wote.

Ni wangapi waliobaki?

Duniani kote kuna aina tano tu za mamalia wanaotaga mayai. Kitaalamu wanaitwa monotremata, jina la Kigiriki lenye maana ya "tundu moja", kwa sababu haja ndogo, haja kubwa na mayai vyote hupitia njia moja, kama ilivyo kwa ndege na mijusi.

Platipasi ni aina moja na anapatikana mashariki mwa Australia, ikiwemo Tasmania.

Ekidna ni aina nne. Mmoja ana mdomo mfupi na anapatikana Australia na kisiwa cha New Guinea. Watatu wana mdomo mrefu na wanaishi New Guinea pekee.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, ekidna anaweza kuonekana kama nungunungu aliyepachikwa mdomo wa muhanga: miiba mgongoni, ulimi mrefu wenye kunata, na kazi yake kubwa ni kufukua mchwa na sisimizi. Lakini hana undugu wa karibu na yeyote kati ya hao wawili. Kila mmoja amefika kwenye umbo hilo kwa njia yake.

Ekidna jike hutaga yai moja na kuliweka kwenye mfuko unaojitokeza tumboni wakati wa kuzaa. Baada ya siku 10 hivi yai hupasuka na kutoa kitoto chenye uzito wa chini ya gramu moja, uchi, kisichoona. Kinabaki mfukoni takriban wiki saba. Miiba inapoanza kuchomoza, mama anamtoa na kumweka shimoni. Sababu inaeleweka.

Maziwa bila chuchu

Hapa ndipo wengi hushangaa. Platipasi na ekidna wana maziwa, lakini hawana chuchu.

Maziwa yanatoka kupitia sehemu maalum za ngozi tumboni, karibu kama jasho linavyotoka, na mtoto anayanyonya kutoka kwenye ngozi na manyoya.

Tatizo ni kwamba maziwa yanayomwagika juu ya ngozi ndani ya shimo la udongo ni rahisi kuingia vijidudu. Watafiti wamegundua kwamba maziwa ya wanyama hawa yana protini ya kipekee yenye uwezo wa kuua bakteria. Kwa maneno mengine, dawa imo ndani ya chakula.

Na hii inatoa dokezo kubwa kuhusu asili ya maziwa yenyewe. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba maziwa hayakuanza kama chakula. Yalianza kama majimaji ya ngozi yaliyosaidia kulinda mayai yenye ganda laini yasikauke, na pengine kuyakinga na vijidudu. Taratibu, majimaji hayo yakaongezewa lishe hadi yakawa chakula kamili cha mtoto.

Kama ni hivyo, basi kunyonyesha kulitangulia kuzaa. Mababu wa mamalia walikuwa wakitoa maziwa wakati bado wanataga mayai.

Ushahidi umo ndani ya mwili wako

Hili si nadharia tupu. Limeandikwa kwenye jeni.

Mnyama anayetaga anahitaji kutengeneza kiini cha yai, ile sehemu ya njano inayomlisha mtoto kabla hajaanguliwa. Kuku ana jeni tatu zinazohusika na protini kuu ya kiini hicho. Platipasi amebaki na moja inayofanya kazi.

Binadamu je? Hana hata moja inayofanya kazi. Lakini mabaki yake yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwenye vinasaba vya mamalia wanaozaa, akiwemo binadamu, bado kuna vipande vya jeni hizo vilivyokufa, kama kibanda cha zamani kilichobaki msingi tu.

Utafiti huohuo ulikadiria kwamba jeni hizo zilikufa moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilizimika kati ya miaka milioni 30 na 70 iliyopita. Jeni za protini kuu ya maziwa, kwa upande mwingine, ni za kale zaidi: zilikuwepo tayari kwa babu wa pamoja wa mamalia wote, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Mpangilio huo unaeleweka. Maziwa yalipokuwa bora, mayai makubwa yenye kiini kingi hayakuwa na ulazima tena. Kiini kikapungua, jeni zikaharibika bila madhara, na mtoto akategemea mama moja kwa moja.

Alama nyingine ni hii: mimba ya binadamu katika wiki za mwanzo huwa na kifuko kinacholingana na kile cha kiini cha yai. Ndani yake hakuna kiini. Kina kazi nyingine za mwanzo, ikiwemo kutengeneza chembe za damu, lakini umbo lake ni urithi wa enzi za mayai.

Platipasi si "nusu ndege"

Ni rahisi kumtazama platipasi na kusema ni mnyama aliyeishia njiani, nusu ndege nusu panya. Hilo ni kosa.

Ukoo wake ulitengana na ukoo wa mamalia wengine takriban miaka milioni 187 iliyopita, kwa mujibu wa uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021. Tangu hapo, pande zote mbili zimekuwa zikibadilika. Platipasi ametunza yai, lakini amejijengea mambo ambayo mamalia wengine hawana.

Mfano ni ule mdomo. Si mgumu kama wa bata, ni laini na umejaa vihisio karibu 40,000 vya umeme. Platipasi akizama majini hufumba macho, huziba masikio na pua. Anawinda bila kuona, kusikia wala kunusa. Anachokamata ni mkondo mdogo sana wa umeme unaotoka kwenye misuli ya kamba au mdudu anayejitikisa chini ya matope.

Dume ana mwiba wenye sumu kwenye mguu wa nyuma. Sumu hiyo haijulikani kuua binadamu, lakini maumivu yake ni makali kiasi kwamba hata mofini haisaidii sana. Huongezeka msimu wa kupandana, jambo linaloashiria kwamba ni silaha ya madume kupigania majike.

Tena hana tumbo la kusagia chakula kama letu. Chakula hupita kutoka kooni karibu moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Na wakati binadamu ana kromosomu mbili za jinsia, platipasi ana 10.

Njia ya tatu: zaa mapema, malizia mfukoni

Kati ya yai la platipasi na mimba ya miezi tisa kuna njia nyingine. Ni ya wanyama wenye mfuko, ambao ni zaidi ya aina 300. Wengi wako Australia na New Guinea, na zaidi ya aina 100 wako bara la Amerika.

Kangaruu mwekundu hubeba mimba kwa siku 33 tu. Anazaa mtoto mwenye ukubwa wa harage na uzito wa chini ya gramu moja, wakati mama mwenyewe anaweza kuwa na kilo 25 au zaidi. Mtoto haoni na miguu yake ya nyuma haijakamilika. Ila mikono yake ya mbele ina nguvu. Anaitumia kupanda kwenye manyoya ya mama, dakika chache tu, hadi mfukoni.

Akifika anashika chuchu, nayo inavimba ndani ya mdomo wake ili asidondoke. Ataishi humo zaidi ya miezi saba kabla ya kutoka moja kwa moja.

Kwa nini mimba ni fupi hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye kinga ya mwili. Kwa mama, mtoto tumboni ni nusu mgeni kwa sababu nusu ya jeni zake ni za baba. Sehemu kubwa ya mimba, kiinitete cha wanyama wenye mfuko hufunikwa na utando mwembamba, mabaki ya ganda la yai. Utando ukiisha na mtoto akagusana na ukuta wa mji wa mimba, mwili wa mama unaanza kujibu kama vile kuna kidonda. Kwa oposumu wa Amerika, majibu hayo huishia kwenye uzazi. Mamalia kama sisi tulipata njia ya kutuliza majibu hayo, na mimba ikarefuka.

Si kwamba wanyama wenye mfuko hawana kondo la nyuma. Wanalo, ila linafanya kazi kwa muda mfupi.

Hesabu ya mama wakati wa ukame

Hebu fikiria mama kangaruu katikati ya Australia, mvua haijanyesha kwa mwaka mzima.

Mamalia mwenye mimba ndefu amewekeza sana tumboni. Mambo yakiharibika, kupoteza mimba kunaweza kumgharimu uhai wake mwenyewe. Kangaruu amewekeza kidogo tu tumboni, na gharama kubwa inakuja kwenye maziwa, hatua kwa hatua. Chakula kikiisha, maziwa yanakauka na mtoto aliye mfukoni anakufa. Inauma kuisoma, lakini mama anaishi.

Na hapo kuna akiba. Mara nyingi mama anakuwa tayari na kiinitete kingine tumboni kilichosimamishwa kikiwa na chembe kama mia moja tu. Kinasubiri. Mfuko ukiwa wazi, kinaendelea kukua na mtoto mwingine anazaliwa baada ya mwezi mmoja hivi.

Miaka ya neema, kangaruu mmoja anaweza kuwa na watoto watatu kwa wakati mmoja: kiinitete kinachosubiri, mchanga aliye mfukoni, na mkubwa anayerukaruka nje lakini anarudi kunyonya. Kila mmoja kati ya hao wawili wanaonyonya ana chuchu yake, na maziwa yanayotoka ni tofauti: mepesi kwa mchanga, yenye mafuta mengi kwa mkubwa. Mwili mmoja, jiko moja, mapishi mawili.

Njia hii ina bei yake pia. Shetani wa Tasmania, mnyama mla nyama mwenye ukubwa wa mbwa mdogo, anaweza kuzaa watoto 20 au zaidi, lakini ana chuchu nne. Wanne wa kwanza kufika ndio wanaoishi.

Baadhi ya wataalamu wanaongeza bei nyingine. Kwa kuwa kila mtoto lazima azaliwe na mikono ya kupandia, mikono hiyo ni vigumu kugeuka kuwa kitu kingine. Huenda ndiyo sababu hakuna popo wala nyangumi mwenye mfuko.

Kwa nini Australia?

Wanyama wenye mfuko hawakuanzia Australia. Wakati Amerika Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa bado zimeungana, Antaktika ilikuwa na misitu na si barafu. Mababu wa kangaruu walipita huko kutoka Amerika Kusini. Mwaka 1982 kisukuku cha mnyama wa jamii hiyo kilipatikana kwenye kisiwa cha Seymour, Antaktika.

Mamalia wanaotaga nao walisambaa kuliko leo. Meno ya jamaa wa platipasi aliyeishi zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita yamepatikana Patagonia, Argentina.

Afrika ilikuwa sehemu ya bara hilo kubwa la kusini kabla haijajitenga. Huko Tendaguru, mkoani Lindi nchini Tanzania, panapojulikana kwa mifupa ya dinosaria wakubwa, yamepatikana pia mataya madogo ya mamalia wa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Na huko Fayum, Misri, kuna visukuku vya ndugu wa wanyama wenye mfuko. Walikuwepo Afrika, kisha wakatoweka.

Australia ilipojitenga ikawa kisiwa kikubwa bila mamalia wengi wa kushindana nao. Wanyama wenye mfuko wakajaza nafasi zote: wakala majani, wawindaji, hata wachimbaji wanaofanana na fuko.

Na wanaotaga walinusurikaje mbele ya wenye mfuko? Wapo wanaosema ni maji. Mtoto wa mfukoni anaweza kuzama mama akipiga mbizi. Yai la platipasi linabaki shimoni, pakavu.

Hatari ya sasa

Wanyama hawa wamevuka mamilioni ya miaka. Kinachowasumbua sasa ni cha karne mbili tu.

Mbwa-mwitu wa Tasmania, ambaye naye alikuwa na mfuko, aliwindwa kwa zawadi ya serikali. Wa mwisho anayejulikana alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936.

Shetani wa Tasmania anakabiliwa na saratani ya uso inayoambukizwa kwa kung'atana, iliyoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Koala alitangazwa na serikali ya Australia kuwa hatarini kutoweka katika maeneo ya mashariki mwaka 2022. Platipasi anategemea mito, na mito inazuiwa kwa mabwawa, inakauka na inachafuliwa.

Habari njema zipo. Mwaka 2023, platipasi walirudishwa kwenye hifadhi ya Royal National Park karibu na Sydney, ambako hawakuwa wameonekana tangu miaka ya 1970.

Mwaka huohuo, watafiti walipanda milima ya Cyclops huko Papua, Indonesia, kumtafuta ekidna wa mdomo mrefu aliyepewa jina la mtangazaji David Attenborough. Kisayansi alijulikana kwa sampuli moja tu iliyokusanywa mwaka 1961. Wengi walidhani ametoweka. Picha zake zilipatikana kwenye kadi ya mwisho ya kamera, siku ya mwisho ya safari.

Wenyeji wa milima hiyo, waliosaidia kuongoza msafara, walikuwa wanamjua. Safari hii, tofauti na mwaka 1799, watafiti waliwasikiliza tangu mwanzo.